JIRANI MWENYE KELELE NA MATUSI: SUBIRA SI KUNYAMAZA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka siku ya mwisho. Ama baad:

Ndugu Muislamu, mpenzi katika imani, somo letu la Ijumaa hii ni juu ya jirani. Si yule jirani mwema anayekupa kaa la moto asubuhi na kukulindia mlango ukisafiri. Huyo kila mtu anajua namna ya kuishi naye. Tunazungumza juu ya jirani anayekuudhi: bafle zake zinapiga muziki mpaka usiku wa manane, jenereta yake inatoa moshi kwenye dirisha lako, au mdomo wake unakutukana wewe na watu wa nyumba yako kila anaporudi kutoka nganda.

Katika miji yetu, kama vile Kindu, Kasongo na Kisangani, watu wanaishi karibu karibu. Parseli moja ya zamani imegawanywa kwa watoto na kwa wapangaji, na ukuta wa nyumba hii ndio ukuta wa nyumba ile. Mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanamsikia. Kwa hiyo maudhi ya jirani si jambo dogo. Yanakata usingizi, yanavunja heshima ya baba mbele ya watoto wake, na mara nyingi yanaanza na redio na kuishia hospitalini.

Ndipo linakuja swali: je, Uislamu unaniambia nivumilie tu? Wako wanaojibu ndiyo. Wananyamaza mwezi, wananyamaza mwaka, mpaka siku moja moyo unapasuka na mkono unashika panga. Na wako wanaojibu hapana, wakarudisha tusi kwa tusi na kelele kwa kelele tangu siku ya kwanza. Ndugu yangu, wote wawili wameiacha njia ya Mtume (S.A.W.). Njia yake iko katikati, nayo ina hatua zake. Tuitazame pamoja.

1. JIRANI NI NANI?

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha kumwabudu Yeye peke Yake, kisha akaamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na maskini, kisha akawataja majirani, wa karibu na wa mbali. Wafasiri wamesema: jirani wa karibu ni yule ambaye pia ni ndugu yako wa damu, na wa mbali ni mgeni asiye na udugu nawe. Wengine wamesema: wa kwanza ni Muislamu na wa pili ni asiye Muislamu. Ukizichukua tafsiri zote mbili utaona kwamba hakuna jirani aliyebaki nje ya amri hiyo.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bibi Aisha na Abdallah bin Umar (R.A.) wamesimulia kwamba Malaika Jibril alimuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mara nyingi sana, mpaka Mtume akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika urithi. Tena Abdallah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, neno la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama, na dalili aliyoitoa ni usia huo huo wa Jibril. Masahaba basi hawakuuelewa usia huo kuwa ni wa Waislamu peke yao.

Al-Hasan al-Basri alipoulizwa mpaka wa ujirani, alitaja nyumba 40 kila upande: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Hesabu mwenyewe katika avenyu yako. Humo wamo Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, watu wa makanisa ya uamsho, na wasio na dini yoyote. Wote hao wana haki juu yako, na wewe una haki juu yao.

2. TUANZE NA NYUMBA ZETU

Ndugu Muislamu, kabla ya kunyoosha kidole kwa jirani, tujiulize: je, sisi wenyewe ni jirani wa namna gani?

Mtume (S.A.W.) aliambiwa habari za mwanamke mmoja aliyekuwa akisimama usiku kwa sala, akifunga na kutoa sadaka, lakini aliwaudhi majirani kwa ulimi wake. Akajibu kwamba mwanamke huyo hana kheri, naye ni mtu wa motoni. Wakamtajia mwingine ambaye ibada yake ilikuwa ya faradhi tu na sadaka yake vipande vya jibini, lakini hamuudhi mtu. Akasema huyo ni wa peponi. Hadithi hii ameitaja Bukhari katika kitabu chake cha Al-Adab Al-Mufrad. Kwa hiyo sijda ya usiku haifuti tusi la mchana.

Tuangalie pia kelele zetu za dini. Abu Said al-Khudri (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini akasikia watu wakisoma Qurani kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawakumbusha kwamba kila mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti. Hiyo ilikuwa Qurani, na ilikuwa ndani ya msikiti! Itakuwaje basi kwa kipaza sauti kinachopeleka maulidi au darasa mpaka saa sita za usiku ndani ya nyumba ya mgonjwa asiyeshiriki? Adhana ni alama ya dini yetu na ni wito wa wakati. Haichukui muda mrefu. Lakini si kila kinachosemwa msikitini ni adhana. Mwezi wa Mei 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza kwamba vipaza sauti vya nje ya misikiti vitumike kwa adhana na iqama tu, tena sauti yake isizidi theluthi moja ya nguvu ya chombo. Ikiwa agizo hilo limetolewa katika nchi yenye Makka na Madina, sisi tunaoishi na majirani wa dini nyingi tuna sababu zaidi ya kufikiri.

Na liko kosa jingine. Jirani akifungua nyimbo zake, baadhi yetu tunaweka kaseti au simu ya Qurani juu ya bafle kubwa zaidi ili kumfunika. Ndugu yangu, maneno ya Mwenyezi Mungu hayakuteremshwa yawe silaha ya kupigania usingizi. Surat Al-Israa, aya ya 110, imetufundisha hata katika sala tusipaze sana sauti wala tusiifiche sana, bali tushike njia ya katikati.

3. KELELE SI ZA NAMNA MOJA

Daktari hatoi dawa moja kwa kila homa. Vile vile, maudhi ya jirani yana aina zake, na kila aina ina dawa yake.

(a) Sauti za maisha. Mtoto mchanga analia usiku, mama anatwanga sombe, mzee anakohoa, watu wako kwenye matanga ya maiti wao. Hakuna kosa hapa. Dawa yake ni kuvumilia, na hata zaidi ya kuvumilia: kwenda kumwuliza mama hali ya mtoto, na kwenda kutoa pole. Leo unasikia matanga yao, kesho watasikia yako.

(b) Kutojali. Muziki wa usiku, moshi wa jenereta, maji machafu yanayopita mlangoni kwako, wateja wa nganda wanaokojoa kwenye ukuta wako, mkesha wa maombi na ngoma mpaka alfajiri. Mara nyingi mtu huyu hakukusudia kukuumiza, hakukufikiria tu. Dawa yake ni kuambiwa. Asiyeambiwa atajuaje?

(c) Uadui. Anakutukana kwa jina lako, anatupa takataka kwako makusudi, anawatisha watoto wako, anainua mkono. Huyu anajua anachofanya. Dawa yake ni kuzuiwa, na kazi ya kumzuia si ya mtu mmoja.

(d) Kilio cha kuomba msaada. Hii tunaisahau. Usiku unasikia mwanamke wa jirani anapigwa, au mtoto anachapwa kupita kiasi na analia mpaka sauti inakauka. Hapo usiseme "ni kelele za jirani, hazinihusu". Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumsaidia ndugu yetu akidhulumiwa na hata akidhulumu, na kumsaidia mwenye kudhulumu ni kumzuia mkono wake, kama alivyopokea Bukhari. Bisha hodi. Waite wanaume wengine wawili watatu. Mwite chefu wa avenyu. Anayejifunika blanketi kichwani wakati mtu anaumizwa upande wa pili wa ukuta, hiyo si subira.

4. MTU ALIYETOA VYOMBO VYAKE NJIANI

Sasa tufike kwenye moyo wa somo. Abu Hurayra (R.A.) amesimulia, na Abu Dawud ameipokea katika Sunan yake, kwamba mtu mmoja alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akimshitaki jirani yake. Mtume akamwambia aende akasubiri. Akarudi tena mara mbili au tatu. Hapo Mtume akampa agizo la ajabu: atoe vyombo vya nyumba yake na kuviweka njiani. Mtu yule akafanya hivyo. Kila aliyepita akamwuliza kuna nini, naye akawaeleza habari ya jirani yake. Watu wakaanza kumlaani yule jirani. Habari ikamfikia, akaja mbio akamwomba arudishe vyombo ndani, na akaahidi kwamba hataona tena kwake jambo la kumchukiza.

Tuitafakari hadithi hii, ina mafundisho manne.

La kwanza: Mtume (S.A.W.) alianza na subira. Hakumpeleka mtu kwenye ugomvi siku ya kwanza. Mambo mengine yanapita yenyewe.

La pili: subira ilikuwa na kipimo. Mtu alipolalamika tena na tena, Mtume hakumwambia "wewe huna imani". Alimpa njia. Basi anayemwambia jirani aliyeonewa "vumilia tu" mwaka baada ya mwaka, hajamaliza kuisoma sunna.

La tatu: njia yenyewe haikuwa na ngumi, haikuwa na tusi, haikuwa na uongo. Alitoa kilicho chake, akakiweka mahali pa wazi, akajibu ukweli alipoulizwa. Vyombo ndivyo vilivyosema.

La nne: aliyemrekebisha mkosaji ni jamii. Mtu mbaya anaweza kumdharau jirani mmoja, lakini ni vigumu kuidharau avenyu nzima.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alionja maudhi hayo. Abu Lahab, ami yake, alikuwa jirani yake pale Makka. Katika Sira ya Ibn Hisham imesimuliwa kwamba majirani walipomtupia uchafu nyumbani kwake, aliuinua kwa kijiti, akasimama mlangoni, akawauliza ukoo wa Abd Manaf: huu ni ujirani wa namna gani? Hakurudisha uchafu kwao, na wala hakunyamaza. Aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wao wenyewe.

Hapa tukumbushane jambo moja. Kisa kinachosimuliwa sana, cha Myahudi aliyekuwa akimtupia Mtume takataka kila siku mpaka siku alipougua Mtume akaenda kumtazama, hakimo katika vile vitabu sita vya hadithi tunavyovitegemea. Kilichothibiti kwa Bukhari ni kwamba Mtume (S.A.W.) alimtembelea kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, alipokuwa mgonjwa. Tuchukue kilicho sahihi, nacho kinatosha.

5. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: subiri na utende wema. Surat Fussilat, aya ya 34, inatufundisha kuuondoa ubaya kwa lililo jema zaidi, na adui anaweza kugeuka kuwa rafiki wa karibu. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi aongeze maji ili majirani wapate. Jaribu hilo. Siku ya Idi, mpelekee sahani ya pilau. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye sahani yake bado iko ndani ya nyumba yako.

Hatua ya pili: nenda ukazungumze naye. Wengi wetu tunaruka hatua hii. Tunamsema jirani kwa watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Nenda mchana, si usiku wa manane ukiwa na hasira, wala wakati amelewa. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Msalimu na uulize hali za nyumbani. Kisha sema jambo lenyewe, usiseme utu wake. Usiguse kabila lake, kanisa lake wala kazi yake. Na omba kitu kimoja kinachojulikana. Kwa mfano:

"Baba Fulani, nimekuja kama jirani. Muziki ukipita saa tatu za usiku, watoto hawalali, na huyu mkubwa anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Ninakuomba baada ya saa tatu upunguze. Na sisi je, kuna jambo la kwetu linalokuudhi?"

Swali hilo la mwisho usiliache. Huenda ana malalamiko ya siku nyingi: mbuzi wako anakula mboga zake, au watoto wako wanapanda ukuta wake. Ukisikia kosa lako, lirekebishe wewe kwanza.

Hatua ya tatu: leta watu wa kati. Kama maneno yako hayakuzaa kitu, tafuta anayemheshimu. Kwa mwingine ni mwenye parseli, kwa mwingine ni mzee wa ukoo wake, kwa mwingine ni pasta wake. Hakuna aibu kwa imamu kwenda kumwona pasta juu ya mkesha, na pasta kuja kumwona imamu juu ya kipaza sauti. Wakikaa na kukubaliana saa, Wakristo na Waislamu wote wanalala. Kama hapo hapakutosha, mpeleke mbele ya chefu wa avenyu na wazee. Huku ndiko kutoa vyombo njiani kwa siku hizi: kuliweka jambo wazi mbele ya watu wenye haki ya kulijua.

Labda utasema: je, si kusengenya? Hapana. Surat An-Nisaa, aya ya 148, imeeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, lakini akamtoa humo aliyedhulumiwa. Na Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka mashitaka kwa mwenye madaraka. Lakini sema kilichotokea tu. Ukiongeza chumvi, sasa mdhulumu ni wewe.

Hatua ya nne: fika mbele ya Serikali. Ikiwa kuna vitisho, kupigwa, au matusi yasiyokoma, nenda kwa chefu wa kartie, kisha polisi, kisha mahakama. Kanuni ya adhabu ya nchi yetu inahesabu matusi ya hadharani na kumpiga mtu kuwa ni makosa ya jinai. Mahakama ya amani, kwa sheria ya mwaka 2013, inahukumu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 5. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, lakini kwa kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na haki za wengine. Kifungu hicho kinatuhusu sisi sawasawa na wenye mikesha. Andika katika daftari siku, saa, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi. Neno lililoandikwa siku ile lina nguvu kuliko kumbukumbu ya miezi sita. Na kama mtu ameshika silaha, usingoje hatua ya kwanza wala ya pili: toa watu wako hapo na uombe msaada mara moja.

Hatua ya tano: kuhama. Mtume (S.A.W.) alimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na jirani mbaya katika makazi ya kudumu, kwa sababu jirani wa safarini mtaachana naye. Maana yake ni kwamba jirani mbaya wa kudumu ni mtihani mkubwa. Kama wewe ni mpangaji na njia zote zimefungwa, kuhama si kushindwa. Na unapotafuta nyumba nyingine, uliza habari za majirani kabla ya kuuliza bei.

6. YALIYO HARAMU HATA KAMA UMEONEWA

Ndugu Muislamu, shika sana sehemu hii, maana hapa ndipo mwenye haki anapoipoteza haki yake.

- Usimwite mchawi. Katika nchi yetu neno hilo limewatoa watu nyumbani kwao, limewapiga wazee na kuwatupa watoto barabarani. Jirani mkali ni jirani mkali, na mama mzee anayekutukana ni mama mzee anayekutukana. Ukimtupia neno la uchawi mbele ya vijana wenye hasira, unaweza kuamka asubuhi ukiwa na damu yake shingoni mwako.

- Usiende kwa mganga kumfunga jirani. Uchawi ni katika yale mambo saba ya kuangamiza aliyotuonya Mtume (S.A.W.), nao umetajwa mara tu baada ya shirki.

- Usimlete askari rafiki yako usiku kuja kumtisha au kumtoza pesa. Huo si mashitaka, ni dhulma iliyovaa kofia ya Serikali.

- Usiugeuze ugomvi wa redio kuwa ugomvi wa kabila au wa dini. Mtu mmoja amekutukana, lakini kabila lake lote halikukutukana. Tumeona katika nchi hii moto unaotokana na maneno ya namna hiyo, na wengi wetu tuna maiti tuliowazika kwa sababu yake.

- Usirudishe matusi. Surat Ash-Shuraa, aya ya 40, imeruhusu malipo ya ubaya yawe sawa na ubaya wenyewe bila kuzidisha, kisha ikamtukuza anayesamehe na kusuluhisha. Lakini nani anaweza kupima tusi kwenye mizani? Watu husema dawa ya moto ni moto. Katika nyumba mbili zinazogusana paa, moto huo hauchagui upande.

7. NA WEWE UNAYEPITA NJIANI?

Katika kile kisa cha vyombo, tunamwona aliyeonewa na tunamwona mkosaji. Lakini bila wapita njia kisa kisingekwisha. Walisimama, wakauliza, wakachukizwa na ubaya, na uchukivu wao ndio uliomrudisha yule mtu. Sisi leo tunapita. Au tunasimama na kutoa simu, tunapiga picha, tunacheka, kesho avenyu nzima inaangalia video ya aibu ya mama wa watu. Jirani mbaya anaishi kwa sababu majirani wema kumi wamenyamaza, kila mmoja akisema hayo ni ya kwao. Tukubaliane katika kila avenyu: mtu akionewa, watu watatu wenye heshima wataenda pamoja kwa mkosaji, kwa upole, kabla jua halijazama. Hatuhitaji kumlaani. Inatosha ajue kwamba tumeona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Jirani zetu wa kulia na kushoto wanaitwa nani? Je, tunajua majina ya watoto wao?

2. Katika nyumba yetu, ni sauti gani inayotoka nje baada ya saa tatu za usiku?

3. Kuna jirani tunayemlalamikia? Je, tumekwisha kwenda kuzungumza naye yeye mwenyewe?

4. Wako majirani tuliowaomba radhi mwaka huu?

Ndugu wapenzi, Mtume (S.A.W.) aliapa mara tatu kwamba hana imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Kwa hiyo tukitoka hapa leo, kila mmoja apite kwa jirani yake kabla ya kuingia kwake, amsalimu tu. Na mwenye ugomvi aanze leo hatua inayomhusu: aliyekuwa akirudisha matusi aanze kusubiri, na aliyekuwa akinyamaza aanze kusema.

Ee Mwenyezi Mungu, turuzuku majirani wema, na utufanye sisi kuwa majirani wema. Wape nguvu walioonewa, waongoze wanaoonea, na uzijaze avenyu zetu usalama na usingizi mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

TANGAZO: Tafadhali karatasi hii isisomwe wakati imamu yuko juu ya mimbari. Ina majina matukufu, usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako.